Kibuyu cha Yanina

Jumapili, 2 Juni
Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Nimebeba bakuli langu la wali kama naenda kumwona mgonjwa hospitali — na mgonjwa ni mimi. Wifi yangu Jésica naye "ameacha gluteni", ile protini ya ngano, kwa ajili ya kiuno. Jumatatu hadi Jumamosi anahubiri. Leo kala kruasani tatu za ngano! Eti Jumapili anajiruhusu. Mama mkwe, doña Nilda, kanigeukia: mbona mwenzio anakula kidogo na hafi?
Nikacheka. Nimechoka kucheka.

Jumatano, 5 Juni
Duka la mikate la kona limetundika bango: BILA GLUTENI! Nikauliza mkate huo unakatwa kwa kisu gani, chake au kile cha mikate ya ngano. Muuzaji akanishangaa — kisu si kisu tu, bibie? Kisha akanishauri nisijinyime, mbona mwembamba tayari. Asante sana! Ni siliaki, ugonjwa unaofanya gluteni inidhuru, ulionikondesha, si mtindo. Zamani gluteni hawakuijua. Sasa wanaijua wote, na hawaniamini.

Ijumaa, 7 Juni
Miezi mitano. Daktari alisema sita, bila hata chembe ya ngano, damu ipimwe, ndipo tujaribu tena mtoto. Mimba mbili zimetoka. Ya tatu ikitoka sijui nitaishije. Jana mume wangu, Ezequiel, kampigia mama yake simu, kamweleza yote. Mama akalia. Umebaki mwezi mmoja tu na naogopa hata meza za watu.

Jumapili, 9 Juni
Niko chooni kwa mama mkwe. Nimejifungia.
Kaninunulia kibuyu changu mwenyewe cha kunywea yerba, majani yetu ya chai! Kimechongwa jina langu, na mrija mpya. Asikiguse mtu, kawaambia wote, hiki cha binti yangu. Hajawahi kuniita binti. Nikalia mbele yao.
Halafu akatia yerba, akamimina maji ya moto — na kibuyu cha kwanza akanywa yeye. Ndiyo heshima: cha kwanza ni kichungu, hapewi mtu, hunywa mwenyeji. Akafyonza mpaka mrija ukakoroma. Na mdomoni anatafuna andazi! La ngano! Makombo kwenye mrija nimeyaona kwa macho yangu. Akajaza tena, akaninyooshea kwa mikono miwili, uso umemng'aa.
Nikasema haja imenibana.
Sasa anagonga mlango. "Yanina, mwanangu, maji yanapoa."
Ezequiel nyuma yake: "Mama, ngoja kwanza—"
"Ningoje nini? Nimekionja mwenyewe, kisafi kabisa!"