Mwanga Uliovuja Pembeni

Dongguan, 9 Novemba

Dada yangu Guizhen,

Hujambo huko Hunan? Mumeo hajambo, na mama mkwe na miguu yake inayomsumbua? Sisi huku kiwandani tu wazima, tunasukuma siku. Chakula cha bwaloni ni kile kile, pilipili wanazionea huruma. Kitanda chako amepewa msichana wa Guangxi. Kamwili kadogo, lakini akikoroma utadhani trekta.

Barua yako nimeisoma mara nne. Umesema daktari hakuona ugonjwa wowote, lakini mumeo anasema daktari gani huyo, wakati kiwanda kizima kimeona macho yako yamekwisha. Umesema umemgawia wifi yako sindano na nyuzi zako zote za hariri, na ile picha ya samaki ya kutarizi aliyoiacha marehemu mama yako katikati hutaimaliza, maana huamini tena unachokiona. Dada, nililia mpaka yule msichana akaniuliza nimefiwa na nani.

Nakumbuka siku walipokuita. Vishikwambi vipya havijamaliza hata wiki mbili madukani, wanunuzi wakaanza kupiga picha za vioo gizani na kuzitandaza mitandaoni: mwanga wa manjano umevuja pembeni. Namba za wakaguzi zilizobandikwa kwenye vioo vile zikasomwa, vioo arobaini na moja vikawa vya meza yako. Msimamizi Pang akakusimamisha mbele yetu, akakuuliza ulikuwa unakagua kwa macho au kwa magoti. Ukaapa hukuuona mwanga ule. Akasema basi hilo ndilo tatizo lenyewe, mama, nenda nyumbani ukayapumzishe. Wasichana wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma yako, nikaangalia viatu vyangu.

Sasa nisikilize. Unakumbuka ile Jumatano tumbo lilipokukata, ukaniomba nikushikie meza nusu saa? Nilikuwa natoka kula, jua kali uani. Sheria tunaijua sote: ukiingia kibanda cha giza unakaa dakika kumi bila kugusa kitu, macho yazoee, ndipo ulinganishe kila kioo na kile cha mfano kilichofungwa ukutani. Sikukaa. Kazi ilikuwa imerundikana, Pang anafoka, nami nilitaka urudi ukute nimekupunguzia. Niliona weusi mtupu, nikasema kizuri, pita, pita, pita. Vyote kwa namba yako. Uliporudi ukanishukuru, ukanipa chungwa. Hukuwahi hata kunishuku.

Hukuuona mwanga ule kwa sababu vioo vile hukuvigusa kabisa. Ni mimi. Nilinyamaza kwa woga tu, dada, sina sababu nyingine ya kukupa.

Leo asubuhi nilimwendea Pang nikamwambia yote. Akasema faili lile limefungwa, toleo jipya linaingia Jumatatu, nisimletee habari za zamani, nirudi mezani. Nimerudi. Tangu uondoke, meza yako nimepewa mimi.

Kazi siwezi kukurudishia. Barua hii msomee mumeo, msomee na mama mkwe, kwa sauti, na wakinitukana waache, wana haki. Nisalimie wifi yako pia. Usinijibu kama roho haitaki, sitakulaumu. Lakini nakuomba, usimwambie tena mtu yeyote kwamba huoni.

Ni mimi niliyekukosea,
Qiu Yanhong