Majina Niliyoyapiga Randa

Mbale, karibu na Malukhu
Jumapili mchana

Kwa dada yangu Rukia,

Salaam nyingi kutoka kwa mdogo wako Yusufu. Kaa chini kwanza, maana kurasa ni nyingi na nimeziandika mwenyewe, kwa hiyo mwandiko utakuchosha macho. Mguu unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema umevimba na kwamba daktari wa Mumias amekukataza kusimama jikoni. Umemsikia, au unamsikia kama unavyonisikia mimi? Shemeji amerudi kutoka Kisumu? Na ile nyumba ya nyuma, mmeiezeka? Nijibu yote, hata kwa mstari mmoja mmoja.

Mimi natembea na ninakula. Mgongo unauma nikiinama na unauma nikinyooka, lakini katikati hapo ni mzima.

Barua yako ilikwenda Jinja kwanza. Yule Msoga niliyekuwa nikikaa naye chumba kimoja aliitunza mpaka akapata mtu wa kuja huku. Hukujua nimehama. Kiwanda cha nguo kimesimama tangu vita. Mashine zipo na watu wapo, lakini vipuri hakuna na pamba haiji. Tulikuwa tunaingia asubuhi, tunafuta vumbi kwenye mashine, tunatoka jioni. Nikasikia kwamba Mbale kuna shule ya sekondari inayotafuta seremala. Nikachukua randa na patasi za marehemu mjomba na msumeno alionipa shemeji, nikapanda lori la chumvi. Kila kizuizi askari walitaka kujua kuna nini guniani. Nilipomjibu mmoja wao kwa Kiswahili chetu cha Mumias, akaniuliza nilikuwa kikosi gani. Hapa Uganda, dada, ukizungumza Kiswahili vizuri watu wanadhani ulibeba bunduki.

Shule yenyewe niliikuta bila milango. Askari waliokuwa wakikimbia walipiga kambi humo, wakapikia madawati. Walipoondoka wakaja wengine, wasiokuwa askari, wakachukua yaliyobaki, hata kengele. Watoto wamesoma miaka miwili wakiwa wamekalia matofali. Na hao hao wa matofali wamefanya mtihani wa kidato cha nne, hapa wanaita sinia foo, na watano wamepata daraja la kwanza. Anayeongoza ni msichana anaitwa Logose. Mama yake anachoma ndizi pale Malukhu, na siku matokeo yalipofika aliziacha zikaungua zote, akakimbia na kanga moja begani.

Nilishangaa kuona watu wasio na mtoto hata mmoja shuleni wakipiga vigelegele. Nikamuuliza kinyozi wa pale njia panda, yeye ana nini na mtihani wa mtoto wa mwenzake. Akanijibu kwamba tangu vita hiyo ndiyo habari ya kwanza kufika mtaani bila mtu kulia.

Mkuu wa shule ni mwanamke, Madamu Khainza, aliyeletwa baada ya vita. Akatangaza kwamba kutakuwa na sherehe, na kwamba majina ya hao watano yataandikwa kwenye ubao mkubwa utakaotundikwa ukumbini, kama shule ilivyokuwa nao zamani. Mbao hakuna, kwa hiyo kila mwenye nacho alete. Watu wakaleta vipande vya kila namna. Hajji Sowedi, mwenye duka Nakaloke, akaleta kaunta yake nzima, mvule mtupu, imepakwa rangi ya buluu nene kama ugali. Nilifurahi sana. Mvule wa namna ile siku hizi huuoni.

Sasa nisikilize hapa. Unakumbuka mjomba alivyotufundisha kwamba mbao yenye rangi hukwanguliwa kwanza kwa kipande cha chupa, taratibu, ndipo upige randa. Mimi nilikuwa nimechoka, sherehe ilikuwa imebaki wiki moja. Nikayatoa makali ya randa nje zaidi, nikaanza kula rangi kutoka upande mmoja. Ilikuwa inatoka vizuri sana. Nilipofika karibu robo ya ubao nikachuchumaa kupumzisha mgongo, ndipo nikaona maranda chini yana kitu kinachong'aa. Nikaokota moja. Ndani yake, chini ya buluu, kulikuwa na nusu ya herufi ya rangi ya dhahabu.

Nilikwangua sehemu iliyobaki kwa chupa. Yakatoka majina. Mstari baada ya mstari, na miaka pembeni. Dada, ile kaunta ndiyo ubao wenyewe wa zamani. Na upande niliokwisha kuula ulikuwa upande wa chini, majina ya mwaka wa mwisho kabla ya vita. Mistari iliyochorwa kwa msumari pembeni ilibaki, nikaihesabu: saba. Majina saba, na niliyatoa mimi kwa kifua na mikono yangu.

Nikakimbilia maranda. Mpishi wa shule alikuwa amekwisha kubeba karai zima kwenda kuwashia moto, kama kawaida yetu, maana mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia kila siku ayachukue. Yaliyobaki chini ya meza Logose alinisaidia kuyakunjua. Alikuwa amekuja kusaidia kupaka chokaa ukumbini. Tuliyalowesha kwa maji, tukayanyoosha juu ya gunia, tukayapanga kama mtu anayeunga sahani iliyovunjika. Tulipata mkia wa herufi hapa, kichwa cha herufi pale. Hakuna jina hata moja lililokamilika.

Nikaenda Nakaloke kumuuliza Hajji Sowedi kama alijua. Nilitaka sana kujua. Ni mtu wa tumbo na kofia safi, anacheka kabla hujamaliza swali. Akasema, “Mimi nilinunua mbao, fundi. Majina walinipa bure.” Nikamuuliza ni nani aliyemuuzia. Akasema watu wa vita hawana majina. Nikamuuliza kwa nini basi alipaka rangi nene hivyo, tena mara tatu, mimi ni seremala naona. Hapo hakucheka. Alinipimia sukari kidogo kwenye karatasi, akaniambia niende nikanywe chai. Mpaka leo sijui kama aliificha ile mbao kwa sababu ilikuwa ya wizi, au aliificha ili askari wasije wakaipikia. Mwenyewe ungedhani lipi?

Habari ikatoka sokoni kwamba ubao wa zamani umepatikana. Jumatano akaja mwanamke mmoja kutoka Nakaloke kwa miguu, wamekwisha kumzoea wote, wanamwita Mama Wozei. Nikamkaribisha kwa Kiswahili. Alisimama mlangoni akakauka, mikono imeshika mlango. Logose akanivuta pembeni, akaniambia kwamba waliokuja kumchukua Wozei, mtoto wake, walizungumza Kiswahili. Kijana alikuwa anasomea ualimu, likizo alikuwa nyumbani, gari likaja mchana kweupe. Hajarudi, wala hakuna kaburi. Picha yake iliungua na nyumba.

Nikamwambia tena karibu, lakini kwa Kiluhya chetu cha nyumbani. Unajua kinavyokaribiana na Kimasaba chao. Alikaa. Akaniambia kwamba yeye hakusoma, ila siku ya sherehe ya mwaka ule mwalimu mmoja alimshika kidole, akakiweka juu ya jina la mwanawe: mstari wa tatu kutoka chini. Na baada ya Wozei kuchukuliwa alikuwa akija, anasimama, anagusa mstari wa tatu, anarudi zake. Mpaka vita vilipofika na ubao ukatoweka. Sasa alitaka kugusa tena.

Ningeweza kumwambia arudi wiki ijayo. Nilimwambia ukweli. Nilimwonyesha pale palipo peupe, nikamwonyesha na randa. Hakunitukana. Alipitisha mkono juu ya mbao mara mbili, akaniuliza, “Umeilainisha hivi kwa siku moja?” Nikasema ndiyo. Akasema nina mikono mizuri. Afadhali angenipiga.

Nikaenda kwa Madamu Khainza, nikamwomba tuandike Wozei mstari wa tatu, na hiyo mingine tuiache wazi. Akakataa. Alisema madaftari yote ya shule yaliungua na walimu wa wakati ule hawapo, na tayari wazazi kumi na mmoja wamemjia wakidai mistari saba. “Nikimwandika mmoja kwa huruma,” akaniambia, “kesho Logose wangu atasimama chini ya majina ya huruma.” Nilimkasirikia, dada. Kisha usiku ule ule nikaona ana haki, nikakasirika zaidi.

Sherehe ikafika, Jumamosi ya wiki iliyopita. Hajji Sowedi alileta mbuzi wawili, akachinja mwenyewe ili wote tule. Akina mama walileta matoke na malewa, ndiyo yale machipukizi ya mianzi ya mlimani wanayopika kwa karanga. Afande mmoja wa magereza, mtu wa kaskazini, alileta turubai na viti kutoka kambini. Mwanzoni viti vya karibu naye vilibaki vitupu, maana watu hapa bado wanaogopa askari, mpaka watoto wa kidato cha kwanza wakavijaza kwa sababu kulikuwa na kivuli. Wale watano waliitwa mmoja mmoja. Logose alipoitwa, mama yake alitembea naye mpaka mbele bila kuitwa, akasimama pale akawatazama watu kama aliyefanya mtihani ni yeye. Hakuna aliyemwambia arudi. Kila mmoja alipewa blanketi, na Logose akaongezewa kamusi.

Kisha Madamu Khainza akaeleza habari ya ubao. Hakunitaja, lakini watu wote waligeuka kunitazama. Akauliza kama yupo mtu yeyote aliyesoma hapa mwaka ule wa mwisho kabla ya vita, anayekumbuka waliofaulu. Halafu nyuma kabisa akasimama Mafabi, fundi baiskeli wa upande wa viwandani, na grisi yake mpaka kwenye viwiko. Watu wakaanza kucheka. Mmoja akamwambia, “Mafabi, kaa. Wewe ulifeli.”

“Nilifeli,” akasema, “ndiyo maana nayajua.”

Akaeleza kwamba zamani, aliyeshika mkia darasani alipewa adhabu ya kuusugua ubao kwa mafuta kila Ijumaa, jina kwa jina, na yeye alishika mkia muhula baada ya muhula. Alisema kwanza aliwachukia watu wale, kisha akawazoea, mwishoni alikuwa anawasalimu.

Madamu hakumwamini. Akatuambia tuufunike ubao kwa shuka, akamtaka ataje majina ya sehemu ambayo haikuguswa. Logose akashika pembe ya shuka, anachungulia, anafuatisha kwa kidole. Mafabi alifumba macho na mkono wake wa kulia ukawa unazunguka hewani kama unasugua. Akataja mwaka mmoja, akataja wa pili. Logose akawa anatikisa kichwa tu kwamba ndiyo, ndiyo. Vicheko viliisha.

“Sasa ule wa mwisho,” Madamu akasema. “Kutoka chini.”

Nilimtazama Mama Wozei. Alikuwa amekaa chini pembeni, mkono umefunika mdomo. Mafabi akataja wa kwanza. Akataja wa pili. Wa tatu akasema, “Mugoya.”

Dada, nilidhani Wozei hamo. Kisha akasema, “Wa nne, Wozei,” akaendelea mpaka wa saba, lakini sidhani kama kuna aliyesikia waliobaki.

Mama Wozei alisimama. Akamuuliza Mafabi kama ana hakika kwamba mwanawe ni wa nne. Mafabi akasema ana hakika, Mugoya alikuwa na herufi ndefu yenye mkia pale katikati, iliyokuwa ikishika vumbi, ilimtesa sana. Yule mama akafikiri kidogo. “Basi muda wote ule,” akasema, “nilikuwa nikimshika mtoto wa mwenzangu.” Kisha akawauliza watu wote, “Mama yake Mugoya yuko wapi?”

Hakuna aliyejua. Mafabi alidhani ni watu wa mlimani, wauza vitunguu, lakini hakuwa na uhakika. Katika wale wazazi wengine waliodai, ambao watoto wao hawakutajwa, mmoja aliinuka akaondoka. Nao niliwahurumia. Hata hivyo chakula kiligawanywa na watoto wakacheza mpaka jioni.

Nimemwomba Madamu nisitumie rangi. Nayachonga majina kwa patasi, yaingie ndani, ili fundi mwingine aliyechoka asije akayala kwa randa moja. Nilianza na yale saba, na Logose na wenzake watafuata. Juzi Ijumaa Mama Wozei alikuja. Nilikuwa nimemaliza mistari minne ya chini. Alinisalimu, akaniambia kwamba kila siku ya soko huwauliza wauza vitunguu wanaoshuka mlimani, bado hajampata mama wa Mugoya. Kisha akausogelea ubao. Alianza na mstari wa tatu. Aliweka kidole ndani ya herufi, akafuata mkia wake mpaka mwisho, ndipo akapanda kwa mwanawe. Unajua mimi ni mtu wa kuuliza kila kitu. Hilo sikumuuliza.

Nisalimie shemeji, mwambie msumeno wake bado unakata. Msalimie Zaituni, mtoto wako, na umwonyeshe neno kamusi kwenye barua hii. Msalimie jirani anayenichungia mbuzi, mwalimu wetu wa madrasa, na bibi yake shemeji kama bado anasikia. Wewe pumzisha mguu, dada.

Ni mimi mdogo wako,
Yusufu, seremala