Jina Lako Halikuwamo Kwenye Daftari la Choo

Mpendwa mwenzangu wa dawati,

Barua hii nimeianza mara tatu kwa kukusalimu vizuri, nikauliza watoto hawajambo na kazi inaendaje, na mara tatu nimeichana. Nimeona niseme kwanza lililonikaa rohoni. Salamu zitangoja.

Wiki iliyopita niliingizwa kwenye lile kundi la WhatsApp la waliosoma shule yetu. Kabla sijamaliza kusema habari zenu, mmoja wa wavulana wa kidato chetu akauliza kama si mimi niliyemwandikia naibu wa mwalimu mkuu matusi chooni. Watu wakacheka, mwingine akaongeza chumvi, mwingine akasema alikuwepo na aliona kwa macho yake. Nikashuka na kidole polepole nikitafuta jina lako. Nilijua uko. Nikasema basi leo, baada ya miaka kumi na minane, atasema neno. Ukaweka vile vikatuni vya uso unaocheka mpaka unatoa machozi. Vitatu, mwenzangu. Nikazima simu, nikaenda kuanua nguo.

Ndiyo maana barua hii naiweka kundini, mbele ya watu. Ulichonitenda ulinitendea mbele ya watu.

Unakumbuka tulivyokutana? Wewe ulitoka Ngao na sanduku jipya la bati, mimi nimetoka kijiji cha Hewani na la kaka yangu, kufuli limefungwa kwa waya. Tulipangwa dawati moja kwa sababu sote tulikuwa wafupi. Siku ya kwanza ulinipa embe bichi lenye chumvi na pilipili, nikakohoa darasa zima likageuka, na kuanzia hapo tukawa kitu kimoja. Ulinisuka kila Jumapili. Ulinionyesha kulaza sketi chini ya godoro ili mikunjo ishike. Pojo ya jikoni ikiwa na wadudu, tuliwaokota pamoja na kuwahesabu kwa sauti ili mpishi asikie. Nilikupenda kama ndugu, na nasema hivyo nikijua kitakachofuata.

Kisha mto ukafurika. Tuliporudi kidato cha tatu, vyoo vya wasichana vilikuwa vimezama, udongo mweusi umemeza shimo na ukuta, ikabaki milango minne tu. Wavulana hawakuwa na neno, walikuwa na vichaka vya mathenge. Sisi tulipanga foleni. Na hiyo milango minne wenzetu nao hawakuihurumia. Waling'oa bawaba, wakavuta sigara humo, wakatupa mawe shimoni, wakaandika nani anampenda nani, wakachora walimu wana pembe. Naibu wa mwalimu mkuu akatia kufuli. Kila darasa likapewa ufunguo mmoja wa kutundika kwenye msumari, na daftari: jina, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Ukitoka, ukae dakika tano, urudi.

Kiranja wa ufunguo nilikuwa mimi. Nililipigia mistari daftari lile kwa rula, nikalijalidi kwa gazeti. Nilijiona mtu.

Kila Ijumaa kwenye gwaride naibu alikusanya madaftari na kusoma majina ya waliokwenda chooni kupita kiasi. Aliwaita watoro wa choo. Jina lako lilisomwa wiki ya kwanza, likasomwa ya pili, ya tatu wavulana wakaanza kulitaja kabla yake. Wakakubatiza Mfereji. Ukipita, mmoja anafanya sauti ya maji yanayotiririka.

Ulinivuta nyuma ya jiko siku moja ukaniambia. Kichocho. Ulikuwa nacho tangu utotoni, ulimezeshwa dawa hospitalini kikaenda, lakini kila likizo unarudi kupanda mpunga ndani ya maji yaliyosimama na kinarudi. Mkojo haukusubiri, na mara nyingine ulikuwa na damu. Uliogopa mtu akisikia damu atasema jingine kabisa, na kwetu neno kama hilo halimwachi msichana. Ukaniomba nisiliandike jina lako. Ukaniapisha nisimwambie mtu yeyote.

Nami ningeacha mstari mtupu vipi? Naibu alikuwa akipita dirishani kutazama msumari, na ufunguo ukikosekana lazima pawe na jina. Nikafanya lililonijia. Nikakwambia, "Nitaandika langu. Mimi wacha wanicheke."

Tangu siku hiyo, kila ulipotoka, niliandika jina langu. Kwa mwandiko wangu mzuri, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Ijumaa lilisomwa la kwangu. Mfereji nikawa mimi. Na nilikuona siku moja umesimama na wale wasichana wa dirisha la mbele, wananicheka, na wewe unatabasamu. Nikajiambia unajifanya tu, ili wasishuku. Nilikuwa na akili nyingi ya kukutetea.

Ile siku ya jaribio la hesabu sitaisimulia yote, unaijua. Uliinua mkono mara tatu, na mara tatu naibu akakwambia ungoje kengele. Hukuweza. Akasimama juu yako akakutuma ulete tambara upanguse mwenyewe, darasa likitazama. Tambara halikutosha. Nilivua sweta yangu nikapiga magoti nikapangusa na wewe, na hakuna aliyeniruhusu kutoka kwenye kiti. Naibu sijamsamehe hadi leo. Lakini naibu hakuwa rafiki yangu.

Kesho yake, baada ya mapumziko ya saa nne, uliniomba ufunguo. Nikaandika jina langu kama kawaida. Ulikawia. Uliporudi vidole vyako vilikuwa vyeusi kwa makaa. Sikukuuliza. Nilikutoa nje nikakumwagia maji ya chupa yangu mikononi mpaka yakatoka meupe.

Mchana tukaona wote. Milango yote minne, herufi kubwa za makaa: NAIBU NAYE AJIKOJOLEE TUONE. Na kufuli limetupwa shimoni. Nitakwambia ukweli ambao hujawahi kuniuliza: nilifurahi. Ungeniambia mapema, ningekubebea makaa.

Naibu alikuita wewe kwanza, na nani asingekuita. Mimi niliitwa kwa sababu ya daftari. Ulisimama karibu na kabati la vitabu, mimi karibu na mlango. Akakuuliza mara moja tu. Hukulia, hukunitazama. Ulisema taratibu, kama mtu anayesoma:

"Angalia daftari, mwalimu. Jina langu halimo."

Nimeyageuza maneno hayo kila upande kwa miaka kumi na minane. Hata uwongo hukusema, mwezi ule halikuwamo. Ulikuwa na jibu tayari, na jibu lenyewe nilikushonea mimi, mstari kwa mstari, mwezi mzima.

Akafungua. Akashuka na kalamu mpaka saa nne na nusu, akakuta jina langu. Akarudi nyuma kurasa mbili, tatu, akalikuta tena na tena. Akasema kumbe mzururaji ndiye huyu, na amemlipizia rafiki yake. Nikakutazama. Nilidhani unangoja amalize ndipo useme. Nilikungoja mpaka kengele, nikakungoja bwenini, nikakungoja kesho yake kwenye gwaride nilipoitwa mbele. Ulikuwa mstari wa pili. Ulitazama kiatu chako.

Utauliza mbona mimi sikusema. Kwa sababu ili nijitoe, ningelazimika kueleza kwa nini niliandika jina langu, na hapo ningetaja ugonjwa wako. Nilikuwa nimekuapia. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilidhani kiapo kinatufunga wote wawili.

Mama aliitwa kutoka Hewani. Alivuka kwa mtumbwi, akapanda pikipiki, akafika amevaa leso yake ya kanisani na amebeba mkungu wa ndizi wa kuwapa walimu, kwa kuwa hajui kwenda ugenini mikono mitupu. Mwaka ule alikuwa anasoma ngumbaru, darasa la watu wazima. Neno la kwanza alilojifunza kusoma lilikuwa jina langu, alijitakia mwenyewe. Naibu akaligeuza daftari upande wake, bila kujua. Mama akaweka kidole. Akasoma jina langu. Akashuka mstari, akasoma jina langu. Akausoma ukurasa wote hivyo, kwa sauti, kwa shida, na hakuna aliyemwomba asome. Kisha akaniuliza kama ule ni mkono wangu. Nikasema ndiyo, kwa kuwa ulikuwa wangu. Akaziacha ndizi juu ya meza, tukatoka.

Niliambiwa nitafute shule nyingine. Mwaka mzima nililima mpunga, kisha nikapokelewa na shule moja ya Hola, kidato kimoja nyuma. Nilimaliza, sikuomba msaada wako. Leo nashona sare za shule hapa Garsen, nina mume na binti, na siku nyingi nacheka kama watu wengine. Sitaki unionee huruma. Nataka ujue hesabu ilivyokaa.

Na wewe nilikuona. Mwaka jana, Tarasaa, umevaa sare ya uuguzi, umeshika kipaza sauti, watoto wa shule wamekaa mbele yako chini. Ulikuwa unawafundisha habari za kichocho. Uliwaambia hakuna aibu, ni ugonjwa kama mwingine, semeni, msifiche. Uliongea vizuri mpaka mwalimu wao akapiga makofi. Nilisimama nyuma ya duka na mfuko wangu wa vitambaa. Kwa hiyo haikuwa siri tena. Kwa hiyo mdomo ulikwisha kufunguka, ila njia ya kuja kwangu ndiyo hukuiona. Nilikuwa nikikutunzia kitu ulichokuwa ukikitangaza barabarani.

Hapo ndipo niliposalitiwa hasa. Mbele ya naibu ulikuwa mtoto mwenye hofu, ningeweza kukusamehe, na kuna miaka nilikuwa nimekusamehe. Lakini muuguzi mwenye kipaza sauti si mtoto. Na hivyo vikatuni vitatu vya juzi hakuna aliyekulazimisha.

Utasema, basi si useme mwenyewe. Nilisema. Nilipokuwa na mimba ya binti yangu nilimweleza mama yote, tangu nyuma ya jiko mpaka milango minne. Alinisikiliza mpaka mwisho, akipepeta mchele. Kisha akasema:

"Nilisoma mwenyewe, mwanangu. Tena nimekwisha kukusamehe zamani."

Unaelewa alichosema? Akiniamini mimi, itabidi akubali kwamba kitu cha kwanza alichosoma maishani mwake kilikuwa uwongo, na uwongo huo niliuandika mimi. Hawezi. Amechagua kunisamehe. Kila Jumapili ananiombea kwa kosa lako, na mimi naitikia amina, kwa sababu nikikataa naonekana sina toba. Mwezi uliopita binti yangu, anayejiandaa kuingia sekondari, alitoka Hewani akaniuliza kwa upole kama ni kweli nilifukuzwa shule kwa kuandika matusi chooni. Bibi yake alikuwa amemuusia. Alimwambia awe na adabu, asije akamliza mzazi kama mimi nilivyomliza.

Sikukuandikia ili uniombe msamaha kwenye kundi. Usinipigie simu, usinialike chakula. Nenda Hewani. Mama hajahama, ukishuka kivukoni uliza, utaonyeshwa. Mwambie wewe ndiye uliyetoka saa nne na nusu. Mwambie kwa nini niliandika jina langu. Mimi ameshakataa kuniamini, lakini wewe hutakuwa na faida yoyote ya kusema, na mama anamjua mtu asiyesema kwa faida yake.

Nenda asubuhi, kabla hajashuka shambani. Na ujue jambo moja kabla hujaondoka. Masikio ya mama yamekwisha. Huwezi kumvuta kando ukamnong'oneza. Itabidi useme kwa sauti kubwa, na ikibidi urudie, na nyumba za pale unajua zilivyobanana.

Salamu nilizokunyima mwanzoni nitakupa siku hiyo.

Mimi,
mwenzako wa dawati, upande wa dirisha