Njia ya Mfalme kwenye Kikapu

Jumatano, 10 Machi 2010
Gitega. Kikapu changu kimetia watu wazimu! Nilikiweka kwenye meza ya Saifuddin, yule wa duka la vitenge, nipumzike tu. Binti yake Nazreen akakinyakua. Yeye huchora maua ya vitenge, wanachapa ng'ambo. Anatafuta mapambo ya zamani ya Burundi, anaita dizaini. Ati vijana wa leo wanataka kuvaa mambo ya mababu. Akauliza hii mistari ya kupindapinda inaitwaje. Mi bila kupepesa macho: Inzira y'Umwami, njia ya mfalme, babu wa babu yangu aliisuka ikulu. Kaandika yote. Bon, safi kabisa!

Alhamisi, 11 Machi
Butihinda, nyumbani. Mke wangu Anisia kacheka mpaka kakaa chini. Ati mfalme gani, mzee, si alama ya tairi ya baiskeli yako, kwenye matope ya kambi ya wakimbizi, kule Tanzania? Haya, ni tairi. Kambi nzima ilikanyaga matope yale. Nani aliona uzuri? Mimi peke yangu!

Jumapili, 14 Machi
Bonifasi, jirani, naye anasuka vikapu. Yeye hakukimbia vita. Kasikia habari za mfalme wangu, kanikamata mbele ya watu baada ya misa.
"Hiyo si ya Burundi, Kastori. Hiyo ni ya wakimbizi."
Nikamjibu vikapu vyake vinavuja maharage. Wakacheka. Lakini neno lake nilirudi nalo nyumbani. Kule Tanzania, mpaka mvi zinaniota, waliniita Mrundi. Hapa naitwa Mtanzania.

Jumamosi, 20 Machi
Nazreen kaja na gari mpaka mlangoni! Kaleta kitambaa cha kujaribia — mistari yangu, rangi ya machungwa. Kizuri! Bonifasi kajialika, kakalia kigoda changu, anatafuna karanga zetu. Na Anisia, mdomo wake ule, kamwambia mgeni habari ya tairi!
Binti hakukasirika. Kasema tairi ni tamu kuliko mfalme, vijana wataigombania. Ila pembeni ya kitambaa huandikwa mistari imetoka nchi gani, na hataki uongo tena.
"Mzee Kastori, niandike Burundi au Tanzania? Utakalosema wewe ndilo hilo."
Bonifasi kaacha kutafuna.
Wako nje wananingoja. Niliwaambia naingia kuvaa shati.
Shati nimeshavaa kitambo.