Gari la Owino Juu ya Trela ya Miwa

Migori, Sokoni

Kwa mwanangu Otieno,

Umekufa? Kama umekufa, nitumie habari nilie nimalize. Kama uko hai, miguu yako imepatwa na nini? Tangu uchaguzi ule wa vyama vingi hujakanyaga huku. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wanatumwa kisimani na wanarudi na maji. Nasikia unasema Mombasa kuna joto. Hata huku jua linawaka, na watu wanatembea.

Haya. Hujambo? Wakesho hajambo? Okoth na wadogo zake wanakula? Kifua cha yule mdogo kabisa kimetulia? Mimi goti la kushoto linalia mvua ikikaribia, lakini wimbi langu nauza mwenyewe, nikilipima kwa kopo, gorogoro kwa gorogoro, na hakuna anayenibebea gunia.

Anayeniandikia ni Mama Zuhura wa duka la vitambaa. Nimemwambia aandike Kiswahili ili mkeo naye asome, asije akasema mama mkwe anamsengenya kwa Kijaluo. La kumwambia namwambia hapa hapa: Wakesho, mwanangu, mwachilie huyo mume aje nyumbani.

Sababu ya barua ni moja. Wazee wanataka kukuruka. Mzee Ochieng, ndugu ya marehemu baba yako, amesema mtama ukivunwa wewe hujafika, watamruhusu mdogo wako Owino afungue boma lake kabla yako. Wakesho, wewe hujui mambo yetu, kwa hiyo sikia. Kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Akijenga analeta chira, mkosi wa kukondesha watu hadi wanaisha. Wazee wana dawa ya kuuondoa, lakini mtu akisharukwa amerukwa, na nyumba ya mama yake imerukwa pamoja naye. Mimi ndiye mke wa kwanza katika boma la marehemu. Sikuolewa wa kwanza ili nije kuhesabiwa nyuma ya Mama Owino.

Sasa sikia ilivyokuwa.

Owino amenunua gari. Ndiyo, Owino wa mke mwenzangu, yule aliyekuwa akila kwenye sufuria yangu na kamasi mpaka mdomoni. Ule mradi wa wageni wa kuchimba visima umefungwa, wakauza magari yao kwa mnada hapa Migori. Owino, ambaye hutengeneza mashine za kusaga kule nyumbani Magunga, akapata pikapu moja ya buluu. Alipokuja kuniita nikalione nilitabasamu mpaka mashavu yakauma, na tumboni ni kama nimemeza pilipili kichaa. Nikalizunguka nikitafuta kutu. Nikaipata kidogo chini ya mlango, nikafurahi siku nzima.

Lakini gari lenyewe lilikuwa uchi. Namba zilikuwa za mradi, wakazifungua mbele na nyuma wakabaki nazo. Namba mpya hutoka Nairobi, na Nairobi haina haraka na mtu. Owino akaenda kwa watu wa ushuru, akaenda polisi, wote wakamwambia neno moja: gari lisilo na namba halitii gurudumu barabarani.

Nitakwambia nililofanya, na usimwambie mtu. Nilimwambia, "Owino mwanangu, endesha tu. Pita njia za ndani siku ya soko. Nani atakuuliza?" Nilijua vizuri sana ni nani atamuuliza.

Akacheka. "Mama Mkubwa, gari yangu ya kwanza iingie nyumbani ikijificha kama ng'ombe ya wizi? Hapana."

Nikamchokoza. "Na mwanamume mzima ananunua gari kabla ya nyumba? Utalala ndani ya injini?"

Hapo hakucheka. "Nijenge vipi na Otieno hajajenga? Mabati yangu yamelala chini ya kitanda cha mama miaka miwili. Gari haina kaka mkubwa. Ndiyo maana nimenunua gari."

Nikarudi kwenye wimbi langu nikalipima upya, ingawa hakuna mteja aliyekuwa ameniomba.

Basi Owino akakodi trekta ya kuvuta miwa, na trela yake bapa. Wakairudisha trela kinyumenyume hadi kwenye ukingo wa udongo ulioinuka, wakatandika mbao mbili, wanaume wanane wakasukuma, harambee, harambee, pikapu ikapanda. Wakazuia magurudumu kwa mawe na kulikaza gari lote kwa kamba za katani, kama fahali anayepelekwa mnadani. Polisi walikuwa wamempa barua ya kusema huo ni mzigo wake wa halali. Barua hiyo, risiti ya mnada na karatasi ya ushuru akanikabidhi mimi, maana mifuko yake yote ni grisi. Nikazifunga kwenye kitambaa nikazitia kifuani. Nilikuwa naenda naye kwa kuwa kitu kikubwa namna ile hakiingii bomani mke wa kwanza akiwa hayupo. Nikakaa juu ya bati linalofunika gurudumu kubwa la trekta, kando ya dereva, nimeshika chuma kwa mikono miwili.

Watu njiani walicheka sana. Pale Uriri mwanamke mmoja akapaza sauti, "Hiyo gari inaugua nini?"

Dereva wetu akamjibu, "Imetoka kujifungua! Inaenda kunywa uji nyumbani!"

Mbele kidogo tukakuta polisi na misumari yao barabarani. Afande mmoja akaizunguka trela mara mbili.

"Hii gari haina namba."

"Afande, haitembei," Owino akasema. "Ni mzigo kama miwa. Gurudumu lake halijagusa lami tangu asubuhi."

"Na karatasi za mzigo?"

Owino akanigeukia. Afande akanigeukia. Mimi nikageukia mashamba ya miwa.

Otieno, nilinyamaza. Karatasi zinanikuna titi la kushoto na mimi kimya, muda wa kumenya muhogo mzima. Nilikuwa namwona Mama Owino kule langoni na leso yake mpya, akingoja, akingoja, jua linazama na hakuna kitu. Nikasikia utamu, kama mtu anayelamba asali ya kuiba.

"Mama Mkubwa," Owino akasema polepole. "Zile karatasi."

"Karatasi gani?"

Afande akachoka na sisi. "Teremsheni hiyo kitu. Italala kituoni mpaka mwenyewe ajulikane. Na wewe nyanya, unamjua huyu?"

Owino akajibu kabla yangu. "Ni mama yangu. Boma ni lake. Hii gari inaenda kusimama mlangoni kwake kwanza, ndiyo mama aliyenizaa aione."

Hilo sikuwa nimeambiwa. Nilikuwa nimejiandaa kusimama nyuma ya umati kama mgeni, nione wivu wangu kwa raha zangu. Nikatia mkono kifuani mbele ya polisi bila haya. "Ziko hapa," nikasema. "Ni uzee."

Afande akasoma moja moja, akaangalia mihuri, akavuta misumari. Owino alinitazama tu. Alijua. Mpaka tunapita njia panda ya Asumbi, mpaka Homa Bay mjini, alikaa nyuma akishikilia kamba za gari lake, na mimi nikashukuru kelele za ile trekta.

Tulifika Magunga jua limeshalegea. Trekta ikaingia kwa lango, ikapita mlango wa Mama Owino bila kupunguza mwendo, ikaja kusimama kwangu.

Sasa nikwambie kuhusu nyumba yangu ya pale bomani, niliyoiacha nikaja kuuza wimbi Migori. Paa limeegemea upande mmoja kama kofia ya mlevi. Nyasi zimeota juu ya nyasi. Mbuzi alikuwa ametoa kichwa dirishani, anatafuna, anatupokea. Gari linang'aa pale mbele, na watu wote wa kijiji wanaangalia gari kisha wanaangalia nyumba, wanaangalia nyumba kisha wananiangalia mimi. Ningekuwa na shimo ningeingia.

Lakini mlangoni palikuwa pamefagiwa. Mistari ya ufagio ilikuwa bado mibichi. Aliyefagia alikuwa amesimama pembeni na ufagio mkononi: Mama Owino. Na hakuwa amepiga hata kigelegele kimoja. Mwanawe analeta gari la kwanza katika boma lile, na yeye amefunga mdomo, ananingoja mimi nianze kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Ningekuwa yeye nisingefagia. Ningekuwa yeye ningepiga vigelegele mpaka wavuvi wa kisiwa cha Mfangano wageuze vichwa. Nikaanza. Sauti ikatoka mbovu kama ya kuku aliyekabwa, naye akaipokea akaipandisha, na wanawake wote wakafuata.

"Karibu nyumbani, Nyar Uriri," akaniambia baadaye, tukiwa tumekaa, akiniita binti wa Uriri nilikozaliwa. "Huyo mbuzi usimfukuze. Bila yeye panya wangekuwa wamehamia."

"Mwanao ana gari," nikamwambia. Nilitaka alisikie likitoka kinywani mwangu kabla hajanisimanga nalo.

"Ana gari, hana mlango. Siwezi kulala na mabati chini ya kitanda mpaka nife. Mwenzangu, mwite mwanao."

Hapo ndipo Mzee Ochieng akasema yale maneno ya mtama, mbele ya watu. Owino akasema atangoja mpaka mavuno, lakini baada ya hapo asilaumiwe. Nimemtafutia kosa katika maneno hayo wiki mbili sasa. Silioni. Na mtama umeshaanza kutoa mashuke.

Usidhani nimepona. Kila injini inayonguruma hapa sokoni, ile pilipili inaamka. Namwonea mwenzangu wivu kwa gari. Namwonea wivu kwa mtoto anayemwita "mama" kila asubuhi akiwa mbele yake, si kwa barua. Sasa namwonea wivu hata kwa ule ufagio. Na wewe sikuombi gari. La Owino nitapanda, na nitalalamika kwamba kiti ni kigumu. Ninachotaka ni kwamba siku Owino atakapotoka kwenda kufungua boma lake, apite mbele ya lako, lina moshi, na mke wako yuko mlangoni anamwambia njoo unywe uji.

Msalimie Wakesho, mke wako, mwambie nimesikia anapika samaki kwa nazi na nimemsamehe. Msalimie Okoth, mrithi wa jina la babu yake, na wadogo zake. Msalimie dada yako Atieno, mpishi wa hoteli kule Likoni, yeye angalau hutuma salamu. Mama Zuhura anakusalimu pia, anasema mkono umekufa ganzi na wewe ndiye wa kulaumiwa.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni ukiwa na surua kutoka Magunga mpaka hospitali kwa miguu, mama yako, Nyar Uriri. Dole gumba langu liko hapo chini.

Ukija, usipitie kwangu Migori kunywa chai. Nenda moja kwa moja nyumbani kabla shuke la kwanza halijakatwa, na uende na Wakesho na Okoth, maana boma halifunguliwi na mtu mmoja. Jogoo wa kuingia naye kwenye boma jipya ninaye. Mzee Ochieng atatangulia badala ya marehemu baba yako. Wewe lete shoka la kukatia nguzo ya kwanza, tena liwe lako, ulilonunua na kunoa mwenyewe. Usithubutu kuazima la Owino.