Oili Iliyoungua

Mwello, Tororo
Jumatatu asubuhi

Kaka yangu mpendwa Opendi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, Shemeji Taaka na watoto wote hapo Kitale. Natumaini kikohozi alichorudi nacho Shemeji kutoka mazishini kimepoa. Sisi huku tunapumua. Mihogo imeota vizuri, ila hatujazoea kuiona nyumba ya mama imefungwa. Naandika kwa Kiswahili ili Shemeji naye asome mwenyewe. Na naandika badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu ningepata nafasi ya kusingizia mtandao.

Siku ile nilikueleza kwa ufupi tu. Mama aliamka akisema kifua kinambana. Mke wangu Peninah alimshika, tukamketisha mbele kwenye pikapu yako, tukaondoka saa mbili asubuhi kwenda hospitali Tororo. Kwenye kile kilima kabla ya lami, injini ikaanza kulia kwa nguvu lakini gari haliendi. Nikarudisha gia, nikaingiza tena, wapi. Moshi ukatoka chini na harufu ya kuungua. Mama akaniuliza, "Owori, tumefika?" Nikamwambia bado kidogo. Bodaboda zilipita, lakini mama hakuwa na nguvu ya kukaa juu ya pikipiki. Gari la Mwalimu Oketcho lilipofika, zaidi ya saa nzima ilikuwa imepita, na mama alikuwa ameshatuacha, kichwa chake begani kwa Peninah.

Nilikuambia kosa ni la Wandera, fundi wetu wa Busia anayelitunza gari hilo tangu ulilete. Nawe ukawaambia wazee. Uliona mwenyewe baba mdogo Obbo alivyomzuia asikaribie kaburi, mbele ya watu wote, na Wandera alivyogeuka akaondoka na mkewe. Ambalo hukuliona ni kwamba wateja walimkimbia. Alifunga gereji yake, akavuka upande wa Kenya, na sasa ni kibarua kwa fundi mwingine.

Kaka, Wandera hakukosea kitu. Wiki tatu kabla ya siku ile alilipima gari mbele ya macho yangu. Aliliegesha mahali tambarare, akaiacha injini ikinguruma mpaka ikapata moto, akapitisha gia zote moja moja. Akachomoa kijiti cha oili ya giaboksi, akakifuta kwa kitambaa safi, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ile huwa nyekundu, inang'aa. Hii ilikuwa imepungua, imekuwa nyeusi, inanuka kama sufuria iliyoungua. Akanionyesha inapovuja. Akasema, "Owori, usiliendeshe hili. Niachie siku mbili nibadilishe oili yote na chujio lake, nizibe na hapa."

Nilikataa. Nilikuwa nimemwahidi Dorah, yule muuza samaki, kumbebea samaki kutoka Majanji kesho yake, nikaona aibu kumwambia gari limelala gereji. Njiani nikajazia giaboksi oili ya injini iliyobaki kwenye jerikani, ambayo si oili yake. Kijiti kikaonyesha imejaa, nikaridhika. Wiki hizo zote nilisikia gia zikichelewa kushika, na kila mara nilipandisha sauti ya redio.

Kwa hiyo ni mimi, kaka. Na ulipouliza, jina la Wandera lilinitoka mdomoni kabla sijafikiri, kisha nikaliacha hapo.

Ijumaa nilivuka mpaka, nikamkuta chini ya lori. Nilimweleza yote. Hakunitukana. Alikaa chini akalia, akasema mama alikuwa akimwita "mwanangu", na yeye hakumtupia hata konzi moja ya udongo. Aliniomba jambo moja tu, nikuandikie wewe kwanza, kwa mkono wangu. Jumapili baada ya ibada nitasimama mbele ya ukoo niseme. Baba mdogo amekubali kuwaita watu, hajui ni kwa nini. Wandera atakuja. Atapita kaburini peke yake kwanza, mimi nitamsubiri barabarani.

Kama hutaki kunisikia tena, nitaelewa. Lakini yeye mpigie. Namba yake ni ile ile.

Wabusu watoto, na Shemeji ajikinge na baridi. Peninah nilimweleza jana. Mpaka sasa hajasema nami, kwa hiyo salamu hizi ni zangu peke yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Owori