Tope la hondohondo

Mwenzangu, usinicheke. Leo nimeumbuka mbele ya wageni.

Ule mti mkongwe kando ya njia yao ya matembezi msituni, ninayoifyeka, nilikuta tundu lake limezibwa tope. Nikaona uchafu. Nikalikwangua lote kwa panga. Lote, mwenzangu!

Ndege mkubwa akachomoka ndani, akapotea msituni.

Msimamizi wangu akafika na wageni. Asubuhi alinisifu kwao, eti macho yangu hayapitwi na kitu.

“Binti, huyo hondohondo alijifungia mwenyewe aatamie mayai, dume akimlisha. Umembomolea nyumba!”

“Nilikuwa nasafisha,” nikasema. Nasafisha! Panga mkononi.

Sasa nimejibanza kichakani, namsubiri mama ndege arudi. Amekuja dume, na tunda mdomoni. Anachungulia tunduni, anageuka, anachungulia tena.

Tunda bado hajalimeza.